Mkole wa Nje, Mpingo wa Ndani

Baba alipoanguka uani aliuangukia upinde wake mwenyewe, ukakatika. Majirani waliokuja kumwinua walisema afadhali upinde kuliko kiuno, nami nikaitikia afadhali, afadhali, kwa kuwa sikujua bado ninachokisema. Kiharusi kilichukua upande wote wa kulia, mkono, mguu na nusu ya mdomo, na maneno yakaenda humo humo. Alibakiwa na mkono wa kushoto, macho, na mguno unaotokea puani. Nilipotaka kuvipeleka vile vipande vya upinde jikoni viwe kuni, alinitazama kwa jicho lililonifanya nivirudishe ukutani bila kuambiwa.

Mimi ni mtoto wake wa kwanza. Mume wangu alifariki, wanangu wameshakuwa na kwao, nikarudi nyumbani huku karibu na msitu wa Mgori kulima alizeti na uwele pamoja na baba. Mama alikwisha tangulia zamani. Nyuma yangu yuko mdogo wangu wa kiume, mmoja tu, anaishi Dodoma, ana duka la vipuri vya pikipiki na mdomo mtamu. Baba alikuwa mkulima kama wengine, ila alichonga pinde. Watu walizitumia kufukuzia nyani na nguruwe pori mashambani, na zaidi walizitaka kwa ajili ya kukabidhiana.

Kwetu, mzee akiona siku zake zinakwisha humwita mwanawe wa kiume, na mbele ya ndugu zake humpa upinde kwa mkono wake mwenyewe. Basi, nyumba imekabidhiwa. Mzee aliyekufa bila kukabidhi husemwa kuwa ameondoka na mlango wazi, na maneno hayo husemwa msibani kwa sauti ya chini, watu wakitikisa vichwa. Siku hizi tuna kanisa, tuna simu, tuna watoto wenye digrii, lakini hilo hakuna aliyeligusa. Na upinde hauazimwi wala haununuliwi sokoni siku ya kukabidhi. Sharti uwe wa mwenyewe. Baba aliyewachongea wazee wa nusu ya kata hii sasa alikuwa amelala kitandani hana upinde.

Siku alipoweza kukaa tu, aligusa vile vipande, akaonyesha picha ya mdogo wangu ukutani, kisha akaonyesha upande wa jikoni, juu, darini.

"Unataka kuchonga mwingine, umkabidhi?"

Akaguna. Chozi likamtoka.

"Baba, utachonga kwa mkono upi?"

Aliinua wa kushoto akanionyesha, kama vile mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa wa akili. Nikacheka, naye akacheka kwa nusu ile ya mdomo. Hatukuwaza zaidi ya hapo, si yeye wala mimi.

Kulikuwa na jambo moja tu la kukwepa. Kwetu mwanamke hashiki upinde. Lakini baba mwenyewe zamani alikuwa akisema upinde ni kamba. Kabla ya kamba ni mti tu, na miti nani anaibeba kichwani kila siku kama si sisi? Kwa hiyo mpaka siku ya kamba mimi ningeweza kuwa mkono wake wa kulia. Siku ya kamba ingebidi nirudi nyuma niwaachie wanaume.

Pinde za baba zilikuwa za miti miwili. Wengine huku huchonga kijiti kimoja wakamaliza, naye aliwacheka. Upinde una nje na una ndani. Nje ni upande unaomtazama unayemlenga, ndani ni ule unaokutazama wewe. Ukivuta kamba, nje inanyooshwa na ndani inabanwa. Mkole unakubali kunyooshwa, ni mti mpole, haukatiki ovyo, lakini una tabia ya kuzoea: ukiupinda kutwa, jioni umebaki umepinda hivyo hivyo. Mpingo haukubali. Ukiubana unasukuma. Ila ukiunyoosha peke yake unakatika ghafla, hausemi hata hodi. Kwa hiyo baba aliweka mkole nje, na ndani akabandika ubao mwembamba wa mpingo kwa gundi ya ngozi ya kuchemsha, akazungushia kano za ng'ombe zilizolowekwa. Mmoja anavumilia, mwingine anagoma, na mshale unakwenda.

Mkole ulikuwepo. Darini jikoni, juu ya mafiga, baba huweka fito zake kwenye moshi ili dumuzi wasizile. Nilizishusha zote nikampelekea kitandani, nyeusi kama masufuria. Alizinusa moja moja. Alizigonga kwa ukucha akitega sikio. Nyingine alizitupa chini kwa dharau mpaka nikamwambia, "Taratibu mzee, hizo nilizipandia ngazi." Mmoja akaulaza kifuani na hakuuachia tena.

Shida ikawa mwenzake. Mpingo wa akiba haukuwepo, kumbe siku aliyoanguka ndiyo alikuwa anajiandaa kwenda kuutafuta.

Nikampigia mdogo wangu. "Dada, usihangaike," akasema, "nenda kwa seremala yeyote, chukua kipande cha mninga, mbao ni mbao." Mbao ni mbao! Mtoto wa mchonga pinde! Lakini nilikwenda, nitafanyaje? Nikarudi na kipande kizuri cha mninga, kimepigwa randa, kinang'aa. Baba alikipitishia kidole ubavuni, akanishika kidole changu akakipitisha pale pale. Nyuzi za mti zilikuja moja kwa moja kisha zikakatiza upande. Msumeno wa mashine hauulizi mti unaelekea wapi. Mti wa upinde hupasuliwa, unafuata nyuzi zake wenyewe. Ukikatiza nyuzi, ni pale pale patakapovunjika. Kile kipande nikakifanya kibao cha kukatia mboga, na mpaka leo kipo.

Baadaye jirani mmoja, mtu mwema, aliniletea gogo la mpingo kutoka shambani kwake alipokuwa anasafisha. Nililipokea kwa vigelegele. Baba aliliweka shavuni, upande ule wenye hisia, akafumba macho. Lilikuwa la baridi. Lilikuwa bichi. Wanasema samaki mkunje angali mbichi, lakini mti wa upinde ni kinyume chake: ukibandika mbichi kwenye mkavu, mbichi unaendelea kunywea huku mwenzake ametulia, na siku moja unajibandua kwa mlio. Gogo kama lile lilihitaji kukaa kivulini kiangazi chote na masika juu yake. Nilijua hivyo tangu utotoni, hakuna aliyehitaji kunifundisha.

Na baba hakuwa na kiangazi. Muuguzi wa zahanati alishaniambia ukweli nje ya mlango, kwamba kikija kiharusi cha pili huenda asiamke. Nikawa nalitazama lile gogo likikauka polepole kwa raha zake, namtazama na baba, na nilitamani kulipiga mateke. Nilijaribu kulisogeza karibu na moto. Likapasuka nyufa upande mzima. Nilikaa chini jikoni nikalia kwa hasira, na kuku wakanizunguka wakidhani nimeshika punje.

Cha pili kikaja, kidogo, asubuhi akinywa uji. Aliamka, lakini sasa hata kukaa ilikuwa mpaka nimwegemeze kwenye magunia. Nilidhani habari ya upinde imeisha. Nikawa namlisha, namgeuza, namwosha, namsimulia nani kaoa na nani kagombana na nani.

Siku moja nilikuwa natwanga uwele uani, mlango wake wazi, naye ananitazama. Akaanza kuguna. Nikaenda kumpa maji, akakataa. Nikamgeuza, akakataa. Aliguna kwa ukali, ananyoosha kidole nje. Nikamwita kuku, nikaonyesha mbuzi, nikaonyesha kinu. Kwenye kinu akapunguza ukali. Nikaushika mchi.

Akanyamaza.

Mama wee. Mchi ule ulikuwa wa mama. Alikuja nao akiolewa, wa mpingo, alitwangia maisha yake yote, na katikati pale panaposhikwa palikuwa pamekonda kwa viganja vyake. Mavazi ya mama yaligawiwa, vyombo vilivunjika, udongo wa kaburi lake umesawazika. Kilichobaki cha mkono wake ni pale pakavu, pamelainika, ambapo kila asubuhi niliweka mkono wangu.

"Baba, huu? Huu wa mama?"

Hakuguna. Alinitazama tu. Sijawahi kuona mtu akiomba vile.

Nilisema hapana. Nilisema, "Thubutu! Bora mlango ubaki wazi." Nikarudi nikatwanga kwa nguvu mpaka uwele ukaruka. Lakini mchi ukiwa mkononi, na kichwa changu ni cha mtoto wa fundi, nikaanza kuuona kwa macho yake. Mkavu kuliko mti wowote wa wilaya hii. Umenyooka. Umepigwa maelfu ya mapigo na haukupasuka, ila ufa mdogo upande wa chini, na ufa huo umekwenda sawa na nyuzi, kama njia iliyokwisha kuonyeshwa. Alichokuwa anakosa baba chote kilikuwa pale mkononi mwangu, nami nikakasirika na mti wenyewe kwa kufaa namna ile.

Nilimpelekea. Nilitia kabari kwenye ufa, nikagonga mimi, yeye akiwa ameweka kiganja cha kushoto juu ya mti kusikiliza unakokwenda. Ulilia mara moja ukafunguka mzima, ndani mweusi, unang'aa kama macho ya mbuzi. Nililia na sikujificha.

Kazi ilikwenda kwa siku zake nzuri na siku zake mbaya. Nilibana mti kwa magoti, yeye akakwangua kwa kisu, mkono wa kushoto ukitetemeka. Alipochoka nilikwangua mimi alipoonyesha. Mwenye bucha aliponipa kano za mgongo aliniuliza, "Mama, unashona viatu au unaenda vitani?" Nikamwambia naenda vitani. Nilichemsha ngozi mpaka jirani akapiga kelele kuhusu harufu. Tulibandika, tukafunga, tukasubiri, na maungio yalikuwa membamba kiasi kwamba ukipitisha ukucha haukwami popote. Mti wa mama ulikuwa umelala ndani ya mti wa baba. Nadhani zile ndizo siku nilizowahi kuwa karibu naye kuliko zote, na hatukusema neno.

Nikampigia mdogo wangu: njoo sasa. Akasema wiki ijayo. Nikamwambia wiki ijayo njoo na sanda kabisa usije ukasahau. Akaja kesho yake.

Baba mdogo, yaani mdogo wake baba, ndiye aliyekuja kufunga kamba na kuwa shahidi. Ni mzee wa mila, mkali, ukimwamkia shikamoo kwa haraka anakurudisha uamkie upya. Aliufunga kamba uani, akauvuta mpaka sikioni, akauachia polepole. Hakuna kilicholia. Akasema, "Ndugu yangu hajawahi kufanya kitu kama hiki." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, mikono nyuma. Ulikwisha kuwa upinde.

Tulimkalisha baba kwenye mkeka, ameegemea magunia, amevaa shati lake jeupe la kanisani. Ulipowekwa mapajani, uso wake ulikuwa na furaha kabisa. Mdogo wangu akapiga magoti mbele yake, akanyoosha mikono yote miwili. Baba akauinua upinde. Akampa.

Kwa mkono wa kushoto.

Mdogo wangu akarudisha mikono yake. Hata hakufikiri, ilirudi yenyewe, kama mtu aliyegusa sufuria la moto. Watu hata chumvi hawapeani kwa kushoto huku kwetu, wakiogopa kupeana laana, na huu ulikuwa upinde wa nyumba. Nikamwona baba anamtazama haelewi. Kisha akaelewa. Mimi pia ndipo nikaelewa. Muda wote ule, tukinusa na kugonga na kubandika, hakuna kati yetu aliyefikiria mkono wa kutolea.

"Pokea!" nikamwambia. "Ndio mkono alio nao!"

"Dada, nina watoto," akasema. Alikuwa analia. "Nina watoto, dada."

Nilitaka kumzaba kofi, lakini hofu yake ilikuwa ya kweli na hata mimi nilikuwa nayo. Nikamgeukia baba mdogo. Nikamwomba anikubalie nimwinulie baba mkono wa kulia, niushikishe tu.

"Umeshafungwa kamba," akasema. "Mkono wa mwanamke haumo."

"Basi amwinulie huyu mwanawe."

"Anayepokea hawezi kujipa."

"Basi wewe, baba mdogo. Nakuomba. Wewe ni damu yake."

Hakuwa anafurahi, siwezi kumsingizia. "Mtu aliye hai hainuliwi mkono," akasema. "Ukimwinulia unamnyang'anya. Anatoa mwenyewe, au hajatoa."

Hakukuwa na mlango mwingine. Baba alikuwa anasikia yote. Akauweka upinde mapajani, akaushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akauburuta mpaka juu ya mshikio, akavikunja vidole kimoja kimoja kuuzunguka mti. Akaachia, ajaribu kuinua. Vidole vikafunguka. Upinde ukateleza ukaanguka mkekani. Akaanza tena, kidole kimoja kimoja, jasho linamtoka. Ukaanguka tena. Hakuna aliyethubutu kuuokota, mimi kwa kuwa ni mwanamke, mdogo wangu kwa kuwa angekuwa amejichukulia, na baba mdogo sijui kwa nini. Wote tulisimama tukiutazama, watu wazima na akili zetu.

Mwishowe baba aliugeuza uso ukutani.

Mdogo wangu alirudi Dodoma. Nilipomsindikiza aliniambia njiani, "Akipata nafuu kidogo tu, dada, nipigie." Upinde ulikaa mkekani kando ya kitanda; baba mdogo aliulegeza kamba upande mmoja kabla ya kuondoka, ukawa mti tena. Ningeweza kuuokota kila siku nikifagia; nilifagia kuuzunguka. Baba hakuutazama tena. Aliacha kula, kwanza ugali, kisha uji. Nilimbembeleza, nilimkaripia, nilimwomba msamaha hata kwa ajili ya mchi, nisijue namwomba msamaha wa nini. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini ya kukaa na mtu aliyegeukia ukuta ninaijua mimi.

Alikufa asubuhi, jogoo wameshamaliza kuwika, mkono wake wa kushoto ukiwa kwenye wangu.

Baba mdogo alifika kabla ya wanawake kuanza kulia vizuri. Alimfumba macho kaka yake. Kisha akaufunga upinde kamba, akauinua ule mkono wa kulia bila kumwuliza mtu, akauweka kwenye mshikio, na kukunja vidole. Alivishika hapo kwa mikono yake miwili, kitambo kirefu, kama anayempasha mtoto joto.

"Baba mdogo," nikasema, "si ulisema hainuliwi?"

"Aliye hai," akajibu. "Huyu hatuwezi kumnyang'anya kitu tena."

Mkono ni ule ule. Ulikuwa umekufa tangu siku ile ya uani, mimi ndiye niliyeuosha na kuukata kucha, hakuna aliyeujua kuliko mimi. Ulipokuwa umekufa peke yake haukufaa. Ilibidi wamsubiri mwenyewe amalizike kabisa.

Mdogo wangu alifika mchana, vumbi la pikipiki bado usoni. Ndugu wakampisha. Alipiga magoti mahali pale pale, akashika upinde kwa mikono miwili, akavuta. Haukutoka. Vidole vilivyokuwa vikifunguka mbele yetu vilikuwa vimekaza kuuzunguka mpingo wa mama, na havikutaka kuachia. Akavuta tena, mkono wa baba ukafuata, ukainuka kutoka kitandani, ukamwelekea.

Mimi nilikuwa mlangoni, mikono nyuma.

"Polepole," nikamwambia mdogo wangu. "Utamuumiza."